Masharti ya Kuhitimu Shahada ya Kwanza ya Uuguzi Nchini Tanzania na Nafasi ya Lugha ya Mgonjwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua masharti ambayo mwanafunzi hana budi kuyatimiza ili atunukiwe shahada ya kwanza ya uuguzi nchini Tanzania, na yale yanayomkabili baada ya mahafali kabla ya kuruhusiwa kumhudumia mgonjwa kwa dhamana yake mwenyewe. Maelezo yamejengwa juu ya nyaraka zilizo wazi kwa umma, yaani sheria, miongozo ya udahili na mfumo wa sifa za vyuo vikuu. Ufafanuzi huo unaonesha kuwa masharti yamepangwa katika malango manne: udahili, masomo, utarajali na usajili. Kila lango hujibu swali lake. Hata hivyo, makala yanabainisha kuwa uwezo wa muuguzi kuelewana na mgonjwa kwa Kiswahili hauna lango lake, ilhali usalama wa mgonjwa huutegemea kila siku. Kwa kutumia mifano ya saa, kipimo cha dawa, katazo la kula kabla ya upasuaji na majina ya maradhi, makala yanapendekeza namna ya kuupima uwezo huo bila kuongeza kozi wala mwaka wa masomo.

Istilahi muhimu: shahada ya uuguzi, udahili, utarajali, usajili, lugha ya mgonjwa

1.0 Utangulizi

Katika familia nyingi nchini Tanzania, siku ya mahafali huchukuliwa kuwa siku ambayo mtoto amekuwa muuguzi. Joho limevaliwa, picha zimepigwa na ndugu wameanza kumwita "nesi wetu". Kisheria, hata hivyo, mhitimu huyo bado si muuguzi aliyesajiliwa. Amemaliza masharti ya chuo kikuu, lakini hajamaliza masharti ya taaluma. Tofauti hii kati ya kuhitimu na kuruhusiwa kufanya kazi haieleweki vema, na kutoeleweka kwake kuna gharama. Mwanafunzi huingia chuoni bila kujua urefu wa safari, mzazi hupanga matumizi ya miaka minne pasipo kukumbuka mwaka wa tano, na mhitimu hujikuta katika sintofahamu pale anapoombwa leseni ambayo hajapata.

Lengo la kwanza la makala haya ni kuyaeleza masharti hayo kwa mfuatano na kwa Kiswahili, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyaraka zinazoyabainisha imeandikwa kwa Kiingereza. Lengo la pili ni kuuliza swali ambalo nyaraka zenyewe haziulizi waziwazi. Mwanafunzi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha huhudumia watu ambao wengi wao huongea Kiswahili. Je, ni lango lipi linalothibitisha kuwa ameweza kuivuka mipaka ya lugha hizo mbili?

Makala yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga, na taratibu zake zinastahili uchunguzi wa pekee. Pale inapofaa, mifano ya Kenya na Umoja wa Ulaya imetumika kwa ulinganisho tu.

2.0 Mamlaka Zinazoweka Masharti

Masharti ya shahada ya uuguzi hayatoki mahali pamoja. Mamlaka ya kwanza ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Tume hii huidhinisha vyuo na programu, na kila mwaka hutoa mwongozo wa udahili unaotaja sifa za chini za kujiunga na kila programu. Mamlaka ya pili ni chuo chenyewe, kupitia seneti yake. Chuo huandaa mtaala, huweka kanuni za mitihani na hutunuku shahada. Mamlaka ya tatu ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo sasa linafanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Baraza husimamia viwango vya taaluma, huendesha mtihani wa leseni, husajili wauguzi na wakunga, na lina uwezo wa kumchukulia hatua aliyekiuka maadili.

Kwa maneno mengine, Tume hujibu swali la nani anastahili kuingia na katika programu ipi. Chuo hujibu swali la nani amejifunza. Na Baraza hujibu swali la nani anaweza kuaminiwa na uhai wa mtu. Mwanafunzi anayelalamika kwamba anapimwa mara mbili kwa jambo lilelile hajatambua kuwa maswali ni matatu tofauti.

Vyuo vinavyotoa shahada hii vimeenea katika miji kadhaa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilichopo Dar es Salaam kina mizizi katika shule ya udaktari iliyoanzishwa mwaka 1963. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1991 na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Vipo pia Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo cha afya kilichoshikamana na hospitali ya KCMC mjini Moshi, chuo cha Bugando jijini Mwanza na Chuo Kikuu cha Kairuki jijini Dar es Salaam. Programu zao hazilingani neno kwa neno, lakini zote hupita katika malango yanayoelezwa hapa.

3.0 Lango la Kwanza: Udahili

3.1 Njia ya kidato cha sita

Njia iliyozoeleka ni ya mhitimu wa kidato cha sita aliyesoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Mwongozo wa udahili umekuwa ukitaka ufaulu mkuu katika masomo hayo matatu, wenye jumla isiyopungua pointi 6. Katika hesabu hiyo daraja A lina pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Mgawanyo unaojitokeza katika programu za uuguzi ni angalau C ya Kemia, D ya Biolojia na E ya Fizikia, ambao ukijumlishwa hutoa pointi 6 kamili.

Mgawanyo huo una mantiki yake. Kemia imepewa uzito mkubwa zaidi kwa kuwa ndiyo msingi wa biokemia na famakolojia, masomo ambayo huwaangusha wanafunzi wengi. Biolojia ni mlango wa anatomia na fiziolojia. Fizikia hudaiwa kwa kiwango cha chini zaidi, lakini haikuachwa, kwa kuwa shinikizo la damu, kasi ya dripu na mwenendo wa gesi katika mapafu ni mambo ya kifizikia kabla hayajawa ya kitabibu. Ikumbukwe kwamba hizi ni sifa za chini. Waombaji wanapokuwa wengi kuliko nafasi, chuo huchagua kuanzia juu, na mwenye pointi 6 anaweza kukosa nafasi hali anazo sifa.

3.2 Njia ya stashahada

Njia ya pili ni ya muuguzi mwenye stashahada. Mafunzo ya astashahada na stashahada yapo chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, na stashahada hukamilika katika ngazi ya 6 ya mfumo wa tuzo za ufundi. Mwombaji wa njia hii hutakiwa kuwa na stashahada ya uuguzi yenye wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0. Aidha, hutakiwa kuwa na angalau daraja D katika masomo ya kidato cha nne ambayo ni Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza.

Sharti hili la kidato cha nne huwaumiza baadhi ya wauguzi wenye uzoefu wa muda mrefu. Mtu aliyezalisha mamia ya akina mama anaweza kuzuiwa na alama ya Fizikia aliyoipata akiwa na umri wa miaka kumi na saba. Wanaolitetea husema kuwa shahada hujengwa juu ya sayansi, na uzoefu pekee hauwezi kuziba pengo la msingi. Hoja zote mbili zina uzito. La muhimu kwa makala haya ni kwamba orodha hiyo inataja Kiingereza kwa jina na haitaji Kiswahili. Inaweza kujibiwa kwamba Kiswahili ni somo la lazima hadi kidato cha nne, hivyo kila mwombaji amelisoma. Jibu hilo ni kweli, ila kulisoma somo si sawa na kudaiwa ufaulu wake.

Kenya imechukua mkondo tofauti kidogo. Huko mwombaji wa shahada ya uuguzi hutakiwa kuwa na wastani wa C+ katika mtihani wa kumaliza sekondari, pamoja na C+ katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na katika Kiingereza au Kiswahili. Neno hilo moja, "au", linakiri kuwa lugha ya wagonjwa ina hadhi ya kuhesabiwa miongoni mwa sifa za anayetaka kuwa muuguzi.

4.0 Lango la Pili: Masomo

4.1 Krediti na maana yake

Shahada ya uuguzi nchini Tanzania huchukua miaka minne. Mfumo wa sifa za vyuo vikuu huipima kazi ya mwanafunzi kwa krediti, ambapo krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Kwa hesabu hiyo, miaka minne huleta krediti 480, sawa na saa 4,800.

Takwimu hii inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Saa hizo hujumuisha mihadhara, semina, maabara, wodi na pia muda wa mwanafunzi kujisomea. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2005 kuhusu kutambuana sifa za kitaaluma linataka saa 4,600 za mafunzo ya nadharia na kliniki, ambapo nadharia haipungui theluthi moja na kliniki haipungui nusu. Mtu akiziweka 4,800 na 4,600 bega kwa bega anaweza kudhani kuwa mwanafunzi wa Tanzania amesoma zaidi. Ukweli ni kwamba namba hizo hazipimi kitu kimoja, kwa kuwa ya kwanza imemeza saa za kujisomea. Mhitimu anayetaka kufanya kazi nje ya nchi atadaiwa mchanganuo wa saa halisi za wodi, na chuo kisichotunza mchanganuo huo humwachia mhitimu wake mzigo asiouweza.

4.2 Mpangilio wa kozi

Mwaka wa kwanza na wa pili huelemea sayansi za msingi: anatomia, fiziolojia, biokemia, mikrobiolojia, patholojia na famakolojia. Sambamba nazo hufundishwa misingi ya uuguzi, yaani kumwogesha mgonjwa kitandani, kupima joto, mapigo na shinikizo la damu, kutandika kitanda chenye mgonjwa, kuzuia maambukizi, kutoa dawa na kuandika taarifa. Baadaye hufuata uuguzi wa magonjwa ya ndani na ya upasuaji, uuguzi wa watoto, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii. Mwaka wa mwisho huongeza uongozi wa wodi, ufundishaji na utafiti.

Utafiti si pambo. Mwanafunzi huandika pendekezo, hupata kibali cha maadili, hukusanya data na kuwasilisha ripoti. Hapa ndipo shahada inapotofautiana zaidi na stashahada. Muuguzi wa shahada hutazamiwa kuuliza kwa nini vidonda vya wagonjwa wa wodi fulani vinachelewa kupona, na kulijibu swali hilo kwa ushahidi badala ya mazoea.

4.3 Wodi kama darasa

Hakuna sharti linaloitofautisha shahada hii na shahada nyingine za sayansi kama mafunzo ya wodini. Mwanafunzi hupangiwa zamu, ikiwemo ya usiku, katika wodi za watu wazima, wodi za watoto, chumba cha kujifungulia, chumba cha upasuaji, kliniki ya mama na mtoto na hospitali au kitengo cha afya ya akili. Hupewa daftari la stadi lenye orodha ya kazi anazopaswa kuzishuhudia, kuzifanya akisimamiwa, na hatimaye kuzifanya kwa ukamilifu. Kila kazi hutiwa saini na msimamizi. Daftari lisilokamilika humzuia mwanafunzi hata kama alama zake za darasani ni nzuri.

Ubora wa lango hili hutegemea msimamizi. Wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache humpa mwanafunzi kazi tele lakini humnyima jicho la kumwangalia. Saini inaweza kupatikana mwishoni mwa wiki kwa mkupuo, nayo ikathibitisha kuwa mwanafunzi alikuwepo kuliko kwamba aliweza. Udhaifu huo si wa Tanzania pekee. Ni tatizo la kila mfumo unaopima ustadi kwa kuhesabu.

4.4 Tathmini

Alama ya kozi kwa desturi hutokana na sehemu mbili: kazi za ndani ya muhula na mtihani wa mwisho. Katika vyuo vingi uwiano ni asilimia 40 kwa 60. Kozi za kliniki huongezewa mtihani wa vitendo wa vituo. Katika mtihani huo, mwanafunzi hupita kituo hadi kituo kwa dakika chache, akifanya jambo moja kila kituo mbele ya mtahini mwenye orodha ya kukagulia: hapa apime shinikizo la damu, pale ahesabu kasi ya dripu, kwingine amhoji mgonjwa wa kuigiza. Aliyefaulu nadharia na kushindwa vitendo hawezi kuendelea kwa kutegemea wastani, kwa sababu mgonjwa hahudumiwi na wastani.

5.0 Lango la Tatu na la Nne: Utarajali na Usajili

Baada ya masomo, mhitimu wa shahada huingia mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali iliyoidhinishwa. Mtarajali hufanya kazi za muuguzi kwa kuzungushwa katika idara kuu, akiwa chini ya uangalizi. Ni kipindi cha mpito: si mwanafunzi tena, ila bado hajakabidhiwa dhamana kamili.

Mhitimu hutakiwa pia kufaulu mtihani wa leseni unaosimamiwa na Baraza, kisha kusajiliwa na kupewa leseni. Inafaa kutenganisha maneno haya mawili. Usajili ni kuingizwa katika daftari la taaluma. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, nayo ina muda na huhuishwa. Anayeihuisha hutakiwa kuonesha kuwa ameendelea kujifunza. Mtu anaweza kubaki katika daftari huku leseni yake imekwisha, na hapo haruhusiwi kutoa huduma. Sheria ya mwaka 2010 inaweka bayana kuwa kufanya kazi ya uuguzi au ukunga bila kutimiza masharti hayo ni kosa.

Kwa hiyo mwombaji anayeanza leo ajipange kwa miaka isiyopungua mitano. Mahafali ni kituo katika safari hiyo, wala si mwisho wake.

6.0 Lugha ya Mgonjwa: Sharti Lisilo na Lango

Malango yote manne yamepita bila Kiswahili kupimwa. Huenda ikasemwa kwamba hakuna haja, kwa kuwa mwanafunzi Mtanzania anakijua. Sehemu hii inaonesha kwa nini kukijua Kiswahili cha mazungumzo hakutoshi. Mwanafunzi hujifunza dhana kwa Kiingereza, huandika faili kwa Kiingereza, kisha hutakiwa kuzigeuza dhana hizo papo hapo, kitandani, bila kamusi na bila mtu wa kumsahihisha. Mifano ifuatayo ni ya kielelezo, na kila anayefahamu wodi za Tanzania ataitambua.

6.1 Saa na kipimo

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na hutofautiana kwa saa sita na ile inayoandikwa katika chati ya dawa. Dawa ya kila baada ya saa nane iliyopangwa saa 6:00, 14:00 na 22:00 katika chati, kwa mgonjwa ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Mwanafunzi akimwandikia mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani "6, 2, 10" pasipo maelezo, mgonjwa atasoma kwa saa yake na kumeza dawa saa sita mchana au usiku, saa mbili na saa kumi. Namba ni sahihi, tafsiri yake siyo.

Ugumu mwingine umo katika maneno ya bahasha ya dawa: "kutwa mara tatu". Katika Kiswahili, kutwa ni mchana mzima, tangu asubuhi hadi jua litue. Usiku una neno lake, kucha. Mgonjwa anayeielewa lugha vizuri ana haki ya kumeza vidonge vitatu kabla ya magharibi na kulala saa kumi na mbili bila dawa. Hapo mwenye kosa si mgonjwa. Kwa dawa zinazotegemea muda, kama zile za kuua bakteria au za kufubaza virusi vya UKIMWI, pengo hilo lina madhara.

6.2 Katazo la kula

Mgonjwa anayesubiri upasuaji hutakiwa asitie kitu kinywani kwa muda uliowekwa, ili asije akatapika akiwa amelala usingizi wa dawa na matapishi yakaingia mapafuni. Mwanafunzi aliyefundishwa sharti hilo kwa Kiingereza mara nyingi hulifupisha kwa Kiswahili: "Mama, kesho usile kitu." Asubuhi mgonjwa huletewa uji na ndugu yake, naye hunywa. Hajavunja agizo. Katika Kiswahili uji hunywewa, hauliwi. Chai nayo ni hivyohivyo. Kitenzi kimoja kilichoachwa kinaweza kuahirisha upasuaji, na kama hakuna aliyeuliza tena, kinaweza kuua. Maneno yanayofaa ni marefu kidogo: usile, usinywe, si uji, si chai, si maji, mpaka tutakapokwambia.

6.3 Majina ya maradhi

Majina ya maradhi yana historia yake katika jamii. "Homa ya ini" ni jina lililozoeleka la uvimbe wa ini unaosababishwa na virusi, lakini anayeambiwa ana homa ya ini anaweza kujibu kwamba mwili wake hauna joto, akaona hana ugonjwa. "Presha" kwa watu wengi ni shinikizo lililopanda tu, kwa hiyo swali "una presha?" hujibiwa "sina" hata na mtu ambaye hajawahi kupimwa. "Degedege" ni mshtuko wa mwili wa mtoto, ambao katika jamii kadhaa umehusishwa na nguvu zisizoonekana na kupelekwa kwanza kwa mganga. Muuguzi asiyelijua neno hilo na mzigo wake hataelewa kwa nini mtoto mwenye malaria kali amefikishwa hospitali akiwa amechelewa. Na akimkemea mama badala ya kumsikiliza, mara ijayo mama huyo hatakuja kabisa.

6.4 Heshima na tasfida

Mgonjwa mzee huamkiwa kabla ya kuulizwa. Mwanafunzi wa miaka ishirini na mbili anayefika kitandani na kuanza na swali la choo, bila shikamoo, amekwishalifunga jibu kabla hajaliomba. Mambo ya mwili yana maneno yake ya adabu: haja ndogo, haja kubwa, sehemu za siri, siku za mwezi. Tasfida hizo si za kukwepa ukweli. Ndizo njia ya kuufikia. Hata hivyo zina hatari yake, kwa kuwa "sehemu za siri" halisemi maumivu yako wapi hasa. Ustadi wa muuguzi ni kuanza na neno la adabu na kufika, taratibu, katika neno bayana.

7.0 Mapendekezo

Mapendekezo ya makala haya ni machache na hayahitaji mtaala mpya. Kwanza, mtihani wa vitendo wa vituo uwe na angalau kituo kimoja kinachofanyika kwa Kiswahili, ambapo mwanafunzi humweleza mgonjwa wa kuigiza matumizi ya dawa au maandalizi ya upasuaji. Kipimo cha kufaulu kisiwe ufasaha wa mwanafunzi, bali mgonjwa arudie kwa maneno yake alichoelewa na mtahini akilinganishe na agizo. Pili, daftari la stadi liwe na nafasi ya elimu kwa mgonjwa iliyotolewa kwa lugha yake, ikitiwa saini kama stadi nyingine. Tatu, vyuo vitumie rasilimali zilizopo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, yaani katika masomo yaleyale matatu yanayodaiwa kwa udahili. Msingi wa istilahi upo. Kinachokosekana ni daraja la kutoka istilahi sanifu hadi maneno ya wodini.

Inaweza kupingwa kuwa hatua hizi zitamkwaza mwanafunzi wa kigeni. Jibu ni kwamba mwanafunzi huyo huwahudumia wagonjwa walewale, na ndiye anayehitaji zaidi kusaidiwa mapema. Inaweza pia kusemwa kuwa wapo wagonjwa wasiojua Kiswahili, hasa wazee wa vijijini. Hoja hiyo haidhoofishi pendekezo. Inalipanua, kwa kuwa anayezoea kuuliza "umeelewaje?" atajua pia wakati wa kutafuta mkalimani.

8.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba shahada ya kwanza ya uuguzi nchini Tanzania hupatikana kwa kutimiza sifa za udahili zinazotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu, kumaliza miaka minne ya nadharia, wodi na utafiti chini ya kanuni za chuo, na kwamba haki ya kufanya kazi huja baada ya mwaka wa utarajali, mtihani wa leseni na usajili wa Baraza. Masharti hayo yana mantiki na yanamlinda mgonjwa dhidi ya asiyejua. Hayajamlinda bado dhidi ya anayejua lakini hakueleweka. Mgonjwa aliyekunywa uji asubuhi ya upasuaji hatasaidiwa na krediti 480 za muuguzi wake iwapo hakuna hata moja iliyomuuliza: je, umesema kwa lugha ambayo mgonjwa ameisikia?